Hendeli Iliyokwenda Kampala

Ndugu zangu, nyinyi mnaofungua vibanda, gereji na maduka kila kukicha, nawasikia mkiulizana: biashara changa ikue inahitaji nini? Mmoja anataja mtaji, mwingine mashine, wa tatu anataka mtu wa kumshika mkono ofisini. Sikatai. Lakini tulieni niwaambie ya Kalisa wa Kabeza, aliyekuwa na hivyo vyote, kisha mniambie alikosa nini.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 1994. Vita vilikuwa vimekwisha Julai, na umeme ulikuja Kigali siku ulizotaka wenyewe. Kwa hiyo pale Muhima, chumba kilichokuwa na mashine ya kusaga ya dizeli hakikukosa watu. Akina mama walipanga vikapu vyao ukutani wakapiga soga. Kalisa alimimina mahindi juu, Armel akakinga unga chini, na wote wawili walikuwa weupe mpaka kope. Armel akipiga chafya, Kalisa alicheka kama mtoto.

Baba zao walikuwa tumbo moja. Fujo za 1959 zilimkimbiza mmoja Uganda, mwingine Burundi, na hawakuonana tena mpaka kufa. Wale wa ukoo waliobaki nchini waliuawa wote mwezi wa nne, mauaji ya kimbari yalipoanza. Kalisa alipovuka mpaka kurudi, aliulizia jina la babu yake kanisa hadi kanisa, akampata Armel, kijana wa Bujumbura ambaye naye alikuwa akiulizia jina lile lile. Walilia pale pale mlangoni, na nani angewalaumu?

Kalisa alikuwa na injini aliyoitoa Mbarara. Armel alikuwa na kinu alichokileta kutoka Bujumbura. Injini bila kinu ni kelele, na kinu bila injini ni chuma kizito tu. Wakaviunganisha kwa mkanda mmoja, na biashara ikaanza.

"Huyu ni mdogo wangu," Kalisa aliwaambia wateja, hata wasiomuuliza. "Upande wa baba sina mwingine."

Basi siku moja likasimama mlangoni gari la shirika moja lililokuwa likilisha watoto yatima. Akashuka mama mmoja, Daphrose, mfanyakazi wa shirika hilo, naye alikulia Bujumbura. Yeye na Armel walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, kikawatoka bila wao kujua. Waliongea kwa muda mrefu. Armel akatikisa kichwa, mama akasisitiza, Armel akatikisa tena. Kalisa, ambaye kwa Kifaransa alijua kusalimia tu, alisimama na debe mkononi akitazama midomo yao.

Gari lilipoondoka akauliza, "Ule mama alisema nini?"

"Iko na mahindi mingi ya watoto. Anataka sisi tumusagie kila wiki. Lakini bado hatujapatana."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mukubwa."

Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa jibu lote, na Kalisa alilinusa. Kosa lake ni kwamba hakuuliza swali la pili. Alilibeba tumboni mpaka Kabeza, akampelekea mkewe, Winifred.

"Kama maneno ni ya mashine, mbona hakusema Kinyarwanda?" Winifred alisema huku akichambua maharagwe. "Na analala pale pale na mashine. Wewe ukishapanda taxi kuja huku, unajua anamsagia nani? Wasiwasi ndio akili, Baba Shami."

Msimwone Winifred mbaya. Alilelewa kwenye kambi ya wakimbizi, mahali ambapo asiyelinda sahani yake alilala njaa. Na siku zile Kigali nzima ilikuwa hivyo. Mtu akikusalimu ulijiuliza kwanza alikuwa wapi mwezi wa nne, kisha ndipo uitikie. Shaka ilikuwa imewaokoa wengi barabarani, nao wakaileta nyumbani, wakaikaribisha mezani.

Jioni iliyofuata Kalisa alizima injini, akachomoa hendeli, kile chuma cha kuizungushia ili iwake, akakitia kwenye mfuko.

"Iko wezi wengi hapa Muhima," alisema bila kumtazama Armel.

"Lakini mimi iko hapa, mukubwa. Mwizi atapita wapi?"

"Hata hivyo."

Kesho yake Kalisa aliporudi na hendeli yake, alikuta mkanda haupo.

"Nimeuweka," Armel alisema. "Weye una yako, na mimi nina yangu."

Haya, ndivyo ndugu wawili walivyofanya kazi. Kila jioni mashine ilivunjwa vipande viwili, na kila asubuhi wateja walisubiri ndugu waiunge. Hapakuwa tena na kicheko cha chafya. Mama mmoja alifika mapema akakuta mlango wazi na kimya ndani. Akauliza mashine ina ugonjwa gani. Mwenzake akamjibu, "Iko nzima. Nusu yake imepanda taxi huko Kabeza, ngoja ifike." Watu wakacheka. Kalisa alipoambiwa aliona aibu, lakini aibu yake haikumfanya aiache hendeli.

Gari la Daphrose lilirudi, likarudi tena. Kila mara ni Kifaransa, na kila mara Armel alitikisa kichwa. Kalisa alishaamua moyoni kwamba wanapatana bei ya kumtoa yeye. Hakulala vizuri. Alimpenda yule kijana, jamani, na ndiyo maana wazo lile lilimuuma kuliko jino bovu.

Kisha chekeche la kinu likatoboka, na la kufaa lilipatikana Kampala tu. Ilibidi Kalisa aende. Armel alimsindikiza mpaka Nyabugogo kwenye mabasi.

"Mukubwa, niachie hendeli. Chekeche ya zamani nitaifunga na waya, isukume siku mbili tatu. Mahindi ya wale watoto inaweza kufika."

"Nimeisahau nyumbani," Kalisa alisema. "Mwambie Winifred akupe."

Hendeli ilikuwa kwenye mfuko aliokuwa ameukumbatia. Uzito wake ulimkandamiza mapajani njia nzima.

Mpakani afisa wa forodha aliuchungulia mfuko. "Hii chuma ni ya nini?"

"Ya kuwashia mashine ya kusaga."

"Na mashine iko wapi?"

"Kigali."

"Sasa wewe unaenda Kampala, nani anawasha kule?" Afisa alimtazama kwa huruma, mtu anavyomtazama mgonjwa, akamrudishia mfuko.

Hapo, wasomaji wangu, bado palikuwa na nafasi ya kugeuka. Basi la kurudi lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara. Kalisa aliliona, akaufunga mfuko, akasonga mbele.

Alirudi baada ya siku nne na chekeche jipya. Alipofika Muhima alikuta lori la shirika mlangoni, na vibarua wakirudisha magunia juu. Daphrose alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Kwenye gurudumu zito la injini ilining'inia kamba, na kamba ilikuwa na damu iliyokauka.

"Armel yuko wapi?"

"Hospitali," Daphrose alisema kwa Kiswahili. "Mahindi ilikuja jana. Alikimbia Kabeza kuomba hendeli, bibi yako akamwambia umeenda nayo Uganda. Akarudi. Nilimwambia aache, tutapeleka kwingine. Akasema hapana, mukubwa wangu atakuta kazi imepotea. Akazungusha kamba kwenye gurudumu, mwisho wa kamba akaufunga kwenye mkono, akavuta. Injini iliwaka mara moja. Haikumpa nafasi ya kufungua."

Kalisa alikaa juu ya gunia. Kisha akauliza lile swali alilopaswa kuliuliza mwezi mzima uliopita. "Mama, mlikuwa mnasema nini na yeye, kwa Kifaransa?"

Daphrose alishusha mikono kutoka kifuani. "Unauliza leo? Ofisi ilitaka mtu mmoja wa kupatana naye, haraka. Nilimwambia achukue kazi kwa jina lake, na shirika lingempa injini mpya. Alikataa. Nilirudi, akakataa tena. Alisema mashine ni ya nyumba moja, na mukubwa wa nyumba ni Kalisa. Mwisho ofisi ikakubali nilete mahindi haya ya kuwajaribu nyote wawili. Hakutaka nikuambie. Aliogopa utaona anajisifu."

Hospitalini Armel alikuwa amelala chali, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Chini ya bandeji hakukuwa na kiganja. Kalisa alipiga magoti kando ya kitanda.

"Chekeche umepata?" Armel aliuliza.

"Nimepata. Mdogo wangu, nisamehe. Nilidhani..."

"Ninajua ulichodhani. Na mimi niliuficha mkanda, sikukuambia yote. Nilikasirika. Nikipona narudi Buja."

"Usiende. Nitafanya kazi ya wawili. Wewe utakaa tu."

"Mukubwa, mimi sikuja huku kutafuta unga. Nilikuja kutafuta ndugu."

Kalisa alilia bila kujificha, wagonjwa wengine wakageukia ukutani. Mwisho akauliza, "Na kinu chako?"

"Kibaki," Armel alisema. "Nitakibeba na mkono gani?"

Aliondoka mwezi wa kumi na mbili. Kalisa alibaki na injini, kinu na mkanda, mashine nzima isiyo na mtu wa kumwibia. Mahindi ya watoto yalishakwenda kwa wasagaji wengine. Na wateja wapya wakimuuliza kama ana ndugu, hujibu kwamba anaye mmoja, yuko Burundi, kisha huinama kuchota mahindi.

FUNZO

Enyi mnaoanzisha biashara, mtaji hutafutwa, mashine hununuliwa, na mtu wa ofisini, leo au kesho, hupatikana. Kitu kimoja hakiuzwi Kampala wala Bujumbura: kumwamini mwenzako kiasi cha kumuuliza usoni kinachokusumbua. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumhukumu mtu kwa lugha usiyoijua, kisha kumwadhibu bila kumsomea shtaka. Nawe mwenye siri njema, iseme, maana ndugu yako hawezi kuisoma kifuani mwako. Mnasema wasiwasi ndio akili. Kwa barabara yenye majambazi, sawa. Kwa mtu wa nyumbani mwako, wasiwasi usioulizwa ni mwizi, na huyu hakuchukua unga wa Kalisa. Alichukua mkono wa Armel.