Namba Isiyojazwa

Mei 2021. Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma, mtaa wa Murara, Goma. Ardhi ilitetemeka, chupa za bia zikagongana mezani. Hakuna aliyejali. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa imetema moto Jumamosi, na alfajiri hiyo serikali ikaamuru watu wahame. Nje, mji mzima ulibeba magodoro kuelekea Sake. Ndani, wanaume watatu walipanga kuiba.

"Rudilia," alisema Havugimana, mkubwa wa genge.

Niyitegeka alifungua kompyuta. Kabla hajafukuzwa kazi, ndiye aliyeunda mashine zinazofungua milango ya maghala ya madini ya koltani ya Goma, Bukavu na Butembo. Hakuhangaika mara tatu. Alitunga kiolezo kimoja chenye nafasi za kujazwa: mji, saa ya kufungua, saa ya kufunga, namba ya simu ya kupewa habari mlango ukisogea. Ukijaza nafasi, kiolezo kinakupikia mfumo mzima wa mashine. Unautia kwenye flashi, unachomeka, basi.

"Nimejaza. Mlango unafunguka saa munane, unajifunga saa kenda. Simu ni ya laini yenye ilikufa. Munyakazi atachomeka flashi, kisha akimbie."

Munyakazi alikuwa mlinzi wa ghala. Ameshanunuliwa.

"Miye natoka na nyinyi?" Niyitegeka aliuliza kwa mara ya tatu.

"Weye ni ndugu yetu." Havugimana aliichukua flashi. "Nitamupelekea mwenyewe."

Tuseme ukweli: Niyitegeka hakuwa na haja na koltani. Mkewe, Umurerwa, alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, miaka miwili nyuma, asirudi. Tangu hapo alikula peke yake, akaugua peke yake. Havugimana ndiye pekee aliyekuja jioni, akavuta kiti, akaomba kufundishwa kiolezo. Miezi mitatu alimfundisha, akichelewesha kila somo ili mgeni asiondoke mapema. Sasa alitaka kiti kwenye lori lao tu.

Saa nane kamili.

Mlango wa ghala la Goma ulifunguka wenyewe. Mtaa mtupu, hata mbwa hakubweka. Walibeba magunia mbio. Carlos, mwenzao wa tatu na dereva, hakuzima injini.

Saa nane na dakika kumi na nane.

"Niyi, ingia kule nyuma. Ng'oa kamera."

Aliingia.

Saa nane na dakika ishirini.

Chuma kiligonga chuma. Giza. Nje, lori likanguruma.

"Havugimana! Munanisahau!"

Hakusahauliwa. Alikimbilia kioo cha mashine ya mlango, akasoma nafasi moja moja. Kufunga: saa nane na dakika ishirini. Mwanafunzi wake alikuwa amepika mfumo wake mwenyewe na kuutia kwenye flashi. Kikulacho ki nguoni mwako. Niyitegeka akakaa sakafuni, akalia kama mtoto.

Alipofuta macho aliiona nafasi ya simu. Tupu. Havugimana alidhani asipoijaza, hakuna atakayepata habari. Somo hilo hakulifikia: nafasi ikiachwa tupu, kiolezo huijaza chenyewe kwa ile namba iliyowekwa tangu mwanzo. Na Niyitegeka alikuwa ameweka ya Élodie, mkubwa wa maghala yote, aliyeko Bukavu.

Saa nane na dakika ishirini na tatu.

Simu ya ukutani ililia.

"Mlango umefunguka, sasa umejifunga. Ni nani iko mule ndani?"

"Ni miye, mama Élodie. Niyitegeka."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Alieleza yote: lori la buluu, magunia, barabara ya Sake. Hawangefika mbali. Pande za Lac Vert, njiani kwenda Sake, watu waliohama walikuwa wameziba njia kwa mikokoteni na ng'ombe.

"Naita polisi," alisema Élodie. "Wataanza na wale. Kisha watakuya kukukamata weye."

"Wakuye."

"Basi nakata."

Ardhi ilitetemeka tena. Vumbi likamwagika kutoka darini. Niyitegeka alishika simu kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Unifunge miaka yenye unataka. Lakini usikate. Ongea na miye, hata kama ni matusi."

Élodie hakukata. Kisha akaanza kumtukana, polepole, na Niyitegeka akafumba macho akimsikiliza.