Maua ya Maharage

Jumamosi ile soko la wakulima la Youngstown lilifurika watu, na mashine ya kadi ikawa imepoteza mtandao. Renita Poole, msimamizi wa soko, aliyevaa gauni la njano na kofia pana, aliinyanyua juu akitafuta mtandao huku akirudi kinyumenyume, mpaka mguu wake ukatumbukia kwenye ndoo ya maua.

"Taratibu, dada. Hiyo si beseni ya kuoshea miguu," akasema mwenye ndoo, Milan Kovalik, mkulima mwenye mabega mapana na shati lililopauka kwa jua.

"Na wewe unatega ndoo njiani kama mtego wa panya?"

"Mbona umenasa?"

Renita akacheka bila kupenda. Tangu siku hiyo akawa hapiti soko bila kusimama mezani kwa Milan, na jioni simu zikawa haziishi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Soko zima likajua.

Lakini mashine ile nayo ilikuwa roho ya Renita. Wenye kadi za serikali za msaada wa chakula walizipitisha hapo, wakapewa sarafu za mbao za kununulia mezani, kisha wakulima wakamrudishia Renita sarafu hizo awalipe pesa. Alikuwa amewabembeleza wakubwa wa serikali miaka na miaka ili wasio na kitu nao wale mboga mbichi. Sharti lilikuwa kwamba sarafu zile ni za chakula tu. Ukilivunja, mashine inachukuliwa.

Basi asubuhi moja akamwona Bi Odessa, mjane mzee, akimpa Milan sarafu za mbao, naye akimkabidhi shada la maua. Damu ikamchemka. Akamsogelea Milan sikioni.

"Unauza maua kwa sarafu za chakula?"

Milan akamtupia jicho Bi Odessa, aliyekuwa bado anayanusa maua yake. "Si hapa, mpenzi."

"Umeuza au hukuuza?"

"Nimeuza."

"Watu walale njaa kwa tamaa yako? Funga meza, uondoke."

Milan aliondoka bila kujitetea. Jioni alipiga simu, Renita akaikata. Akapiga tena, akaikata tena, kisha akaangua kilio.

Jumamosi iliyofuata Bi Odessa alimjia. "Kijana wangu wa maua yuko wapi, mwanangu? Nampelekea mume wangu kaburini. Wengine hapa wanataka kunipa bure, wananionea huruma. Yule ananilipisha kama mtu na akili zake."

Renita akajitenga pembeni. Akachukua simu.

"Milan, zile sarafu za Bi Odessa, uliwahi kuniletea nikulipe?"

"Hata moja. Ziko jikoni kwangu, kwenye kopo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele yake kwamba nampa bure? Ningemfanya ombaomba."

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu vibaya." Alikuwa analia waziwazi. "Ila siwezi kufumba macho. Wakijua, wataichukua mashine."

"Najua. Ndiyo maana sijarudi."

Renita akasema polepole, "Mche unaozaa chakula nao unaruhusiwa kwa sarafu. Hakuna anayeuliza kama utaula au utautazama tu. Huna kitu kinachozaa chenye maua?"

"Maharage," Milan akasema. "Yale ya maua mekundu. Yanachanua sasa hivi."

Jumamosi iliyofuata Milan akaja na miche ya maharage iliyochanua, imepandwa kwenye makopo. Bi Odessa akachagua, akalalamikia bei, akalipa sarafu zake kichwa juu, na Renita akasimama pale pale akitazama.

"Marehemu hakupenda maharage hata kidogo," bibi akasema. "Atavumilia."

Soko lilipofungwa wakampeleka makaburini. Bi Odessa akapiga magoti, Milan akamchimbia shimo la mche. Kisha yeye na Renita wakasimama nyuma yake, mkono wa Milan wenye udongo ndani ya mkono wa Renita.

"Nikitangulia mimi, utanipandia?" Milan akamnong'oneza.

"Huyu anampandia mumewe. Wewe ni nani wangu?"

"Hicho ndicho ninachokuomba, Renita. Niwe mumeo."

Bi Odessa, bila kugeuka, akaendelea kushindilia udongo.

"Mjibu, mwanangu. Huyu mume wangu nilimzungusha mwaka mzima kabla sijamkubali. Mwaka huo ndio ninaoulilia kila nikija hapa."

Renita akajibu ndiyo.