Dimbwi la Bandani kwa Gaspar

Mwanaheri wa Tabata hakuwa mwanamke wa kuamini upuuzi. Asubuhi anafagia uwanja, anakaanga vitumbua vyake, vikiisha anashukuru Mungu. Kilichomkosesha raha ni mumewe. Tangu Badru apunguzwe kazi kiwandani pamoja na wenzake, alikuwa hali akashiba, halali akausikia usingizi. Usiku kucha kakaa kitandani kashika kichwa, mchana anagombana mpaka na kuku.

"Kichwa kinavuma, Mama Raudha," alikuwa akilalamika. "Kama mashine bado zinakwenda."

Kwa hiyo habari za banda la Gaspar zilipofika, ni Mwanaheri mwenyewe aliyemsukuma mumewe aende. Hilo ndilo linalomkereketa mpaka leo.

Gaspar, mtu wa kusini, alikuwa na banda la video nyuma ya mashine ya kusaga unga. Jioni vijana walijazana humo kutazama mikanda ya karate. Lakini asubuhi, banda likiwa tupu, aliwawekea watu wazima mkanda wa msitu. Basi, msitu tu! Hakuna mtu, hakuna maneno. Miti, ndege, na dimbwi la maji ya kijani. Wanaume waliopunguzwa kazi wakavua viatu, wakakaa kwenye mabenchi, wakatazama. Wakitoka, nyuso zimelainika.

"Dawa ya mawazo hiyo," Gaspar alijisifu. Watu wakamcheka, kisha wakaenda.

Badru siku ya kwanza alirudi akalala mchana kutwa, anakoroma. Mwanaheri akamfunika khanga huku machozi ya furaha yanamtoka.

Harufu ilianza baadaye. Harufu ya maji yaliyosahauliwa mtungini. Shuka zikawa na utelezi. Badru akikohoa, anatema makohozi ya kijani yenye vipande vya majani. Siku moja Mwanaheri anamsugua mgongo, akagusa kitu laini nyuma ya sikio. Ruba! Limenenepa damu. Akalivuta, likarefuka, likagoma kuachia, likampasukia vidoleni. Ptuu! Tabata nzima mabomba yamekauka, ruba katoka wapi?

"Unayatoa wapi madude haya, Baba Raudha?"

Badru akanong'ona, macho chini. "Kuna mtu mle dimbwini. Mwanzo alinipa mgongo. Sasa ananitazama."

"Kwenye mkanda?"

"Anasogea, Mwanaheri. Kila nikienda, anasogea."

"Basi hukanyagi tena huko. Umenisikia?"

Badru alisikia. Akabaki nyumbani, akajifungia chumbani, akalala.

Alasiri moja Mwanaheri alikuwa uani anapaa samaki, mikono imejaa magamba na matumbo. Mlango wa mbele mtu akapiga hodi. Nanyi mnatujua watu wa pwani jamani, hodi haiachwi ikaning'inia. Hujui ni nani, hata hujainua kichwa, kinywa kimeshatangulia.

"Karibu! Pita ndani, nakuja!"

Akasikia nyayo. Chapa. Chapa. Za miguu iliyolowa. Zikapita sebuleni. Zikaingia chumbani.

Kisu kikamdondoka. Sauti ile iliyopiga hodi ilikuwa ya Badru. Na Badru yuko ndani, amelala. Halafu, nani anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe?

Akakimbia. Sakafu ilikuwa na ute wa kijani toka mlangoni mpaka kitandani, na ndani ya ute vikonokono vinatambaa. Badru alikuwa mmoja tu. Amekaa kitako, anatabasamu.

"Nimepona, mke wangu."

Ulimi wake ulikuwa wa kijivu, umevimba. Kwenye ufizi kitu chembamba kikajinyonganyonga, kikarudi ndani. Akakimeza. Mwanaheri akatapika pale pale kizingitini.

Majirani wakampa hongera. Mumeo katulia! Kweli alitulia. Hagombi, hakosi usingizi. Ila Mwanaheri alimkuta amechuchumaa jalalani, anatafuna matumbo ya samaki ya jana, nzi wanamtembelea midomoni wala hawafukuzi. Usiku anamnyooshea mkono wa baridi. Mwanaheri akahamia mkekani, kinyaa kimemkaba, anamlilia mume ambaye watu wote wanamwona yupo.

Asubuhi moja akafunga khanga kiunoni, akaenda bandani.

"Gaspar, niwekee ule mkanda."

"Shemeji, watu wameususa. Wanasema banda linanuka."

"Niwekee!"

Miti ikatokea. Ndege. Dimbwi. Na katikati ya dimbwi mtu, maji yamemfika kidevuni. Badru. Badru wake, macho yamemtoka, midomo inacheza bila sauti. Hodi. Maji yanamwingia kinywani, anayatema. Hodi.

"Karibu!" Mwanaheri akapiga yowe. "Karibu mume wangu! Pita! Pita ndani!"

Badru akasikia. Wallahi alisikia. Akaja mbio, anapasua maji, uso wake ukajaa kwenye kioo, vidole vikatangulia mbele.

Mkono wenye utelezi ukamziba Mwanaheri mdomo kwa nyuma.

"Twende nyumbani, mke wangu," ikanong'ona sauti ile ile.

Akaung'ata. Nyama ilikuwa laini, kama papai lililooza, ikambakia kinywani. Umeme ukakatika. Gizani, ndani ya deki ya video, kitu kilikwaruza. Kikakwaruza kwa nguvu, kwa pupa. Kikanyamaza.

Gaspar alifungua mlango mwanga uingie. Yule wa mkono wenye utelezi hakuwapo, umebaki ute tu sakafuni. Gaspar akaleta bisibisi, akaifungua deki. Mkanda ulikuwa unachuruzika tope. Na pale mdomoni mwa deki, mkanda unapoingilia, zilikuwa zimenasa kucha. Kucha za mtu, nzima, na vinyama vyake vibichi kwa nyuma. Zilikuwa zimeng'okea kwa ndani.

Gaspar akatoka nje kutapika. Mwanaheri hakutapika. Akazitoa moja moja, akazifunga kwenye pindo la khanga, akakaa chini akaomboleza.

Alikuwa amemkaribisha, na Badru alikuwa amekuja. Mlango ndio haukumtosha.