Barua Iliyotumwa kwa Jina la Dada Yangu

Dada yangu alisimamishwa kazi kwa ushahidi nilioupeleka mimi.

Kwa mikono yangu hii hii. Niliuchapisha, nikaupiga pini, nikauweka mezani kwa mkurugenzi kama mwanafunzi anayekusanya daftari.

Subirini kwanza, msinitukane. Matusi yenu yatafaa zaidi huko mbele...

Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali moja. Dada ni nesi hapo hapo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyeninunulia kompyuta ya kwanza, na ndiye aliyeniombea hiyo kazi.

Siku hiyo, mchana, matroni aliwakusanya manesi wote wa wodi ya kina mama. Mimi nilikuwa chini ya meza nahangaika na printa. Akaanza kusoma malalamiko yaliyomfikia kupitia mfumo wetu, kwenye ukurasa ambao wafanyakazi wanaandikia kero zao.

Yalikuwa marefu na makali. Kwamba anapanga zamu kwa chuki. Kwamba alimnyima nesi mmoja ruhusa ya kwenda kumzika mama yake. Mwisho kabisa: "Wewe si matroni, wewe ni askari magereza uliyekosea geti."

Jamani, nilicheka nikagonga kichwa kwenye meza.

Kicheko kilinikauka alipotaja jina la aliyetuma.

Dada.

Dada akasema hajaandika kitu. Alisema taratibu, kama anavyoongea na mgonjwa. Matroni akaniita nitoke chini ya meza niangalie mfumo mbele ya watu wote.

Nikaangalia. Jina lake. Neno lake la siri. Kompyuta ya wodini. Tarehe ya juzi.

"Dada," nikamwambia, "mfumo haudanganyi."

Akanigeukia.

"Kwa hiyo mimi ndiye nadanganya?"

Nikaenda kuchapisha karatasi.

Akapewa barua ya kusimamishwa wiki mbili, halafu kikao cha kuamua kama anafukuzwa moja kwa moja. Miaka kumi na tisa, imening'inia kwenye karatasi yangu moja!

Sasa ili mnielewe, niwarudishe nyuma kidogo.

Mfumo wetu una kanuni: ukikaa dakika kumi bila kugusa kompyuta, unakutoa nje, uingie upya. Ni usalama. Mtu asije akapita akasoma mambo ya wagonjwa kwa jina lako. Lakini nesi anaandika ripoti, mgonjwa anaita, anakimbia. Akirudi, mfumo umeshamtoa na maandishi yake yote yamepotea.

Walinipa jina la utani, Dakika Kumi. Nikipita koridoni nasikia, "Huyo Dakika Kumi anakuja, shikeni kalamu." Aliyepiga kelele kuliko wote ni dada. Kuna siku aliandika ripoti moja mara tatu, jioni akagoma kuniwekea chakula.

Basi nikaja na ujanja. Ukitolewa nje, kompyuta inakutunzia ulichoandika. Ukiingia tena, unakikuta. Wakashukuru, kisha wakalalamika tena kwamba wanasahau kubonyeza kutuma. Nikaongeza kingine: ukiingia tena tu, mfumo unakumalizia kutuma wenyewe.

Nilijiona fundi wa mafundi. Kuna nesi aliwahi kuniambia ameona ripoti yenye jina lake ambayo hakumbuki kuiandika. Nikamtania kwamba uzee unabisha hodi.

Turudi kwenye msiba wangu.

Siku ya tisa nilipita kwa dada baada ya kazi. Nilimkuta anapiga pasi sare yake. Amesimamishwa, haendi popote, lakini anapiga pasi sare! Mashati manne yalikuwa tayari yametundikwa mlangoni. Alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni: kiti, maji, pole na kazi.

Nilizoea kuitwa "wewe mjinga, umekula?" Ile heshima ilinichoma kuliko tusi.

Nikamuuliza, basi anielezee siku ile ilikuwaje. Akasema aliingia zamu saa nane mchana, akafungua kompyuta aandike maombi ya mashuka. Basi. Alitumia robo saa nzima, kwa sababu dada anachapa kwa kidole kimoja, tena anaitafuta kila herufi kama anatafuta sindano.

Kidole kimoja...

Nikafungua kompyuta yangu pale pale sebuleni, nikaangalia kitu ambacho siku ile sikukiangalia. Muda.

Aliingia kwenye mfumo saa nane na dakika nne. Malalamiko yalitumwa saa nane na dakika nne. Baada ya sekunde mbili.

Maneno mia nne, kwa kidole kimoja, kwa sekunde mbili!

Nikajua palepale. Mtu wa zamu ya asubuhi aliandika hasira zake, akaacha bila kutuma. Dakika kumi zikapita, mfumo ukamtoa. Dada akaja, akaingia kwa jina lake. Na ule ujanja wangu haukuwahi kuuliza kama anayeingia ndiye yule aliyetoka. Ukachukua maneno ya mtu mwingine, ukayatuma kwa jina la dada.

Kumbukumbu zikanionyesha pia nani alikuwa kwenye kompyuta ile kabla yake.

Shoga yake. Rafiki wa miaka yote, aliyesimamia harusi yake. Alikuwa amekuja hapo nyumbani mara tatu wiki ile kumfariji.

Sikumwambia dada jina. Nilimwambia tu kwamba kosa ni langu.

Akaendelea kupiga pasi.

Sasa nikiri dhambi nyingine. Kesho yake ofisini niliwaza kurekebisha kimya kimya. Nusu saa tu, alama zote zinafutika, hakuna atakayejua. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo. Mkono ulikuwa tayari kwenye kibodi, wapendwa... Nikaona sare nne zimetundikwa mlangoni. Nikaacha kila kitu kama kilivyo.

Siku ya kikao tulikuwa watu wanne: mkurugenzi, matroni, dada na mimi. Nikaomba kompyuta ya katibu muhtasi. Nikaingia kwa jina langu, nikafungua ukurasa wa malalamiko, nikaandika, sikutuma. Nikawaomba tusubiri dakika kumi.

Hamjawahi kuona dakika kumi ndefu vile. Matroni alihesabu vigae vya sakafu. Dada alikunja mikono.

Mfumo ukanitoa. Nikamwomba mkurugenzi aingie kwa neno lake la siri. Akaingia. Kioo kikaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo: Taarifa yako imetumwa.

Akasoma kilichotumwa. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mimi nimeacha kazi?"

"Kwa mujibu wa mfumo, ndiyo, mzee. Na umemwita matroni jeuri."

"Na wewe ungeulizwa, ungesemaje?"

"Ningesema mfumo haudanganyi."

Dada akarudishiwa kazi palepale. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na mkataba wangu ukaongezwa miezi mitatu tu, ya majaribio, kama mgeni.

Lakini matroni hakuridhika. Akanigeukia, akataka jina la aliyeandika. Nikafungua mdomo.

"Mdogo wangu, nyamaza," dada akasema. Kisha akamgeukia matroni. "Aliyeandika hakutuma. Aliandika, akameza. Mkitaka kujua nani ana kinyongo na wewe, waulize manesi wote kuhusu ile ruhusa ya kwenda kumzika mama."

Matroni akainamisha macho.

Koridoni nikamkimbilia, nikamwambia lazima ajue, maana huyo mtu anaingia nyumbani kwake.

"Namjua," akasema. "Barua ilipokuwa inasomwa alikuwa amenishika mkono. Mkono wake ulitoka jasho kuliko wangu."

Alijua tangu siku ya kwanza! Na akaendelea kumpikia chai...

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ana watoto watatu na matroni hampendi. Aliogopa kufukuzwa, namwelewa." Akasimama, akanitazama vizuri. "Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Akaenda wodini. Zamu ilikuwa inaanza.

Nimeshaurekebisha mfumo. Muda ukiisha, maandishi yanafungwa kwa jina la mwenyewe, na hakuna kinachotumwa mpaka abonyeze yeye. Ilinichukua dakika ishirini na tano.

Nawaambia wanaotumia kompyuta za pamoja: ukiinuka, toka kwa jina lako. Na ninyi mafundi wenzangu: karatasi ikikwambia ndugu yako ni mwongo, muulize yeye kwanza, karatasi baadaye.

Lile swali la koridoni bado sijalijibu. Huu ni mwezi wa pili, na dada bado ananikaribisha kwa kiti na maji.