Maziwa ya Saa Moja

Chwii.

Mchirizi mmoja wa maziwa, ukigonga chini ya ndoo tupu.

Niliacha kuosha sahani. Mama akaacha kumenya viazi. Baba peke yake hakuinua uso.

Chwii... chwii... chwii...

Sauti ilitoka zizini, hatua thelathini kutoka mlangoni petu. Zizi hilo halikuwa na ng'ombe hata mmoja. Watu wa bunduki walikuwa wamewaswaga wote tangu mwezi wa tatu.

Kwetu Kibabi, ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani. Ndiyo amri. Jirani yetu Nestor huitania: "Siku hizi hata kuku iko na saa ku mukono." Lakini kiwele hakijui amri. Kabla ya wizi ule, Gaju, ng'ombe wetu mwekundu, alikuwa amezaa. Siku moja alichelewa kurudi malishoni, kiwele kimejaa, analia kwa maumivu. Baba akamwambia kaka yangu: "Enda umukame. Iko hapa tu. Kamata tochi."

Watu wa doria waliiona tochi kabla ya kumwona mtu.

Tulimzika kesho yake adhuhuri, mbiombio, kwa sababu ndugu zetu waliotoka Muheto walitaka kufika kwao kabla ya saa kumi na mbili. Hakuna aliyekesha naye. Hakuna wimbo. Hakuna moto uani. Tangu siku hiyo Baba hakulitaja jina lake. Akilazimika, alisema "yule". Nasi tukajifunza kunyamaza pamoja naye.

Halafu sauti ikaanza. Kila jioni, saa moja.

Mara ya kwanza Mama alitoka mbio. Doria ilimkuta zizini, amepiga magoti.

"Mama, unakama nini? Mupepo?"

Walicheka. Kisha mmoja wao akaacha kucheka.

"Siku ingine, ni masasi," akasema, akiigusa bunduki yake.

Mama alirudi na povu jeupe kwenye vidole. Nililigusa. Lilikuwa na joto.

Kuanzia hapo, kila jioni niliketi nimeuegemea mlango ili asitoke tena. Jioni hii niliyoanza kuisimulia, niliacha sahani majini nikakimbilia pale pale.

Sauti ikakoma ghafla.



Harufu ya maziwa mabichi ikapenya chini ya mlango. Nyuma yake, harufu ya baruti.

Kisha, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumshtua ndama:

"Mama... leta tochi. Sione kitu."

Sauti yake. Yake kabisa.

Mama alikwisha kushika tochi.

"Uwamwezi, toka hapo," aliniambia.

"Mama, batakuua."

"Mutoto wangu iko mu giza."

"Mama, alikufa!"

"Nani alimwambia?" alinong'ona. "Sema. Nani alikaa naye usiku, akamwambia alikufa?"

Alinisukuma. Nilimshika kitenge, kikachanika. Mbali, barabarani, viatu vya doria vilikanyaga changarawe.

"Mama... fanya mbio. Gaju iko nalia."

Baba akasimama.

Alivifungua vidole vya Mama, kimoja kimoja, akaichukua tochi.

"Kaa na binti yako," alisema. "Miye njo nilimutuma."

Nikasogea. Mpaka leo sijui kwa nini nilisogea.

Alitembea hadi katikati ya ua. Akawasha tochi. Hakuielekeza zizini. Aliielekeza usoni pake mwenyewe, ili aonekane.

Viatu barabarani vikasimama.

Ndani ya zizi, kitu kilichokuwa kimechuchumaa kikainuka. Polepole. Kirefu kama kaka yangu, ndoo ikining'inia mkononi. Hakikuwa na uso niliouona.

"Ulikufa, mutoto wangu," Baba akasema. "Miye nilikutuma, ukakufa. Pumuzika."

Kitu kile hakikutikisika. Kilisimama tu, kama kinachosubiri kujua ni nani anayeambiwa.

Ng'ambo ya ua, bunduki zikakokiwa.

Mama akaanguka kwa magoti kizingitini. Baba hakugeuka. Midomo yake ikalitafuta lile jina. Akavuta pumzi. Ndipo akaita, kwa sauti ile aliyokuwa akiitia ng'ombe kutoka mlima wa pili:

"Ngabo!"