Mkokoteni Uliomsukuma Punda

Nemayian alizoea kwenda bwawani mapema, kabla jua halijawa kali. Punda wake wa kijivu alivuta mkokoteni wenye mapipa mawili ya maji. Maji hayo yalitosha kupikia, kufulia na kunywesha ndama pale bomani kwao, nje kidogo ya Kwedizinga.

Taabu ilikuwa wakati wa kurudi. Kabla ya kufika nyumbani kuna mteremko wa changarawe. Hapo punda alisita kila siku. Nemayian alimchapa fimbo ili ashuke. Asubuhi moja mkokoteni ulimzidi. Ulimsukuma kwa nyuma, akaanguka, magoti yakachubuka. Pipa moja likabingirika hadi korongoni.

"Punda huyu mkaidi," alisema Lenku, mume wake. "Tumpeleke mnadani."

Nemayian aliitazama damu magotini pa punda, roho ikamuuma. Akampigia simu Lea, afisa mifugo wa kata.

Lea alifika kwa pikipiki. Alisafisha vidonda, akapaka dawa, kisha akamuuliza Nemayian, "Mama Tumaini, alianguka mkipanda au mkishuka?"

"Tukishuka, daktari. Kupanda hana shida."

"Basi huyu si mkaidi. Anaogopa. Nileteeni ndoo ya maji."

Aliiweka ndoo iliyojaa juu ya mkokoteni mtupu. "Baba Tumaini, sukuma kwa kasi, kisha simamisha ghafla."

Lenku alisukuma, akasimamisha. Maji yaliruka mbele yakamlowesha Nemayian shuka nzima. Yeye mwenyewe akaangua kicheko.

"Mmeona?" Lea alisema. "Mkokoteni umesimama, maji hayakusimama. Kitu kinachokwenda huendelea kwenda, mpaka nguvu nyingine ikizuie. Na kikiwa kizito zaidi, kukisimamisha kunataka nguvu kubwa zaidi."

Nemayian alifikiri kidogo. "Kwa hiyo pale mteremkoni, anayezuia mapipa yote ni punda peke yake?"

"Peke yake. Ili ajizuie, kwato zake husukuma ardhi mbele, nayo ardhi humsukuma yeye nyuma. Lakini kwenye changarawe kwato zinateleza. Hapati pa kujishikia."

Nemayian aliiegemeza fimbo yake ukutani. Aliona haya.

"Sasa tufanyeje?" Lenku aliuliza.

"Wekeni breki. Chukua kipande cha mti, kifunge mpira wa tairi na kamba, kikae karibu na gurudumu. Ukivuta kamba, mpira unabana gurudumu. Punda naye mfungeni mkanda mpana nyuma ya mapaja, ulioshikamana na mkokoteni, ili azuie kwa mwili wake mzima. Mapipa yafungwe barabara yasisogee. Ila kwanza mwacheni apone."

Punda akapumzika. Nemayian alibeba madumu kichwani, na Lenku akayabeba begani bila kuambiwa. Jioni alichonga ile breki mwenyewe, akatengeneza na ule mkanda.

Vidonda vilipokauka, walirudi bwawani wote wawili. Wakati wa kurudi, walipofika juu ya mteremko na mapipa yaliyojaa, Lenku alishika mkokoteni kwa nyuma kwa mikono miwili, tayari kuuvuta usiporomoke. Nemayian akavuta kamba ya breki. Mpira uligusa gurudumu, ukalia kidogo. Punda alisimamisha masikio, akashuka hatua kwa hatua, bila kusita.

Katikati ya mteremko Lenku alisema kwa mshangao, "Huku nyuma sina kazi!"

"Basi njoo mbele," Nemayian alimjibu akicheka. "Twende pamoja."