Saa za Bombay

Mwili wa Rashid ulikutwa chini ya lori lake, ndani ya gereji yake mjini Nyeri, Ijumaa moja ya Julai 1974. Kichwa tu kilikuwa nje, na fuvu lilikuwa limepasuka. Kando yake palikuwa na spana kubwa yenye damu na alama za vidole. Daktari alikadiria kwamba aliuawa kama saa saba mchana, wafanyakazi wake walipokuwa msikitini.

Inspekta Kinoti hakutafuta adui mbali. Mwaka uliotangulia, lori hilohilo lilikatika breki kwenye mteremko wa Endarasha, likamgonga Subira, binti wa fundi cherehani Salim. Mahakama ilimwachilia Rashid. Salim akampeleka binti yake Bombay kutibiwa mgongo.

"Ati Salim amerudi leo," alisema Konstebo Wamae. "Lakini si yeye, afande. Niko na nakala ya tikiti yake hapa, kutoka kwa wakala wa ndege. Ndege ilitoka Bombay saa kumi na mbili asubuhi. Hewani ni masaa sita. Basi alifika Embakasi saa sita, na kutoka huko mpaka hapa ni masaa mbili na nusu. Alikuta Rashid ameshakufa."

Kinoti aliitazama tikiti.

"Hiyo saa kumi na mbili ni ya wapi?"

"Ya Bombay, afande."

"Huko kunakucha kabla ya huku. Saa zao zimetutangulia kwa saa mbili na nusu. Ndege ilipoondoka, hapa ilikuwa bado usiku."

Alipiga simu Embakasi. Ndege ilikuwa imetua saa tatu na nusu asubuhi.

Walimkuta Salim kwake, ameketi kitandani na viatu miguuni. Walimleta kituoni.

"Ulifika Nyeri saa ngapi, Bwana Salim?"

"Mchana."

"Kabla ya swala au baada?"

Salim aliingiza mikono mifukoni.

"Leta mikono."

Wamae alivipaka vidole vya Salim wino. Mtaalamu alizilinganisha alama hizo na zile za spana. Zilikuwa za mtu mmoja.

"Subira yuko wapi?" Kinoti aliuliza.

"Nimemzika Bombay." Sauti ya Salim haikutetemeka. "Kila siku aliniuliza kama yule mtu amefungwa. Nilimdanganya kwamba amefungwa."

"Kwa hiyo ulimpiga Rashid kwa hasira?"

"Hasira ni ya ghafla, Inspekta. Mimi nilivuka bahari nzima nikiwa na wakati wa kughairi. Sikughairi."

"Hukumwambia neno?"

"Nilimpa nafasi moja. Alikuwa chini ya lori, anatengeneza breki. Nikamwambia, 'Rashid, Subira amekufa.' Akatoa kichwa, akanitazama."

"Akasema nini?"

Salim alifuta wino kwenye suruali yake, kidole kimoja kimoja.

"Akaniuliza, 'Subira yupi?' Hapo nikaiokota spana."